Lile koti jekundu na beji ya fedha

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Nimeona picha ya zamani ya mzee wa Kizungu, kavaa koti jekundu na kwenye mkono kafunga bonge la beji la fedha lina farasi, chini wameandika London. Alikuwa mwanajeshi? Na kama ni mtu wa kawaida hiyo fedha kaipata wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada yangu, huyo ni mpiga makasia wa mto Thames, kazi yake kubeba abiria kwa mashua, na hiyo beji kaishindania kwa jasho lake. Zamani katikati ya London daraja lilikuwa moja tu, London Bridge; la Westminster limekuja kufunguliwa 1750, kwa hiyo mtu akitaka kuvuka anashuka mtoni anaita mashua. Bunge lilishawapangia nauli toka 1514, 1555 ikaja sheria ya kuwawekea chama cha kuwasimamia, na baadaye ikawa kijana anajifunza kazi miaka 7 ndo anahesabika kamili.

Sasa 1715 mwigizaji mmoja kutoka Dublin, Thomas Doggett, akaanzisha mashindano ya vijana waliotoka tu kumaliza hayo mafunzo, London Bridge mpaka Chelsea, kama kilomita 7 na nusu, tena enzi hizo walipiga makasia maji yakiwa yanawarudisha nyuma! Mshindi anapewa koti na beji, na yule farasi ni wa ukoo wa Hanover, maana mfalme George I, wa ukoo huo, alikuwa anatimiza mwaka kwenye kiti. Mashindano yapo mpaka leo.

Ila beji inayonigusa zaidi mimi ni nyingine. Kampuni za bima ya moto ziliajiri hawahawa kuzima moto, zikawapa sare na beji ya mkononi, kama rifrekta ya bodaboda yenye namba, na sheria ikawakinga wasikamatwe kwa nguvu kupelekwa jeshi la majini, kitu kilichowakuta wenzao wengi sana. Fikiria mke nyumbani ana watoto wadogo, hiyo beji kwake ni mume kurudi jioni.

Utajiri hawakuwa nao. Madaraja yalipoongezeka na meli za mvuke zikaingia abiria wakapungua, na mwaka 1840 ndo ukaanza mpango wa nyumba za kuwatunza wazee wao na wajane huko Penge, kusini mwa London.