Anameza dawa ya sonona na ananyonyesha: aache kipi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mke wangu alijifungua wiki 7 zilizopita. Mtoto alipofikisha wiki 3 mama yake akaanza kulia bila sababu, chakula hataki, usiku mtoto analala yeye yuko macho, na anasema hafai kuwa mama. Kliniki walisema ni sonona, wakampa setralini ya miligramu 50. Alimeza siku 6 tu. Mama yangu akasema dawa za akili zinapita kwenye maziwa na zitamlegeza mtoto, basi akaacha. Je, amwachishe mtoto ziwa ameze dawa, au anyonyeshe bila dawa?

JIBU: Marahaba. Hana haja ya kuacha chochote kati ya hivyo viwili.

Mama yako ana haki ya kuuliza, kwa kuwa kweli dawa inapita kwenye maziwa. Suala ni kiasi. Kwa setralini, anachopata mtoto kwa kawaida hakifiki asilimia 3 ya dozi ya mama, ukilinganisha kwa uzito wa kila mmoja. Sisi huanza kuwa na shaka ikikaribia 10. Ndiyo maana kwa wanaonyonyesha hii huwa miongoni mwa za kwanza kuandikwa. Kama mtoto alizaliwa njiti au ni mgonjwa, mwambieni daktari. Vinginevyo mwangalieni tu: ananyonya vizuri? Anaamka mwenyewe kudai ziwa? Hakuna haja ya kukamua maziwa na kuyamwaga.

Siku 6 hazitoshi kuipima dawa hii. Nafuu huja kati ya wiki ya 2 na ya 4, wakati mwingine hata ya 6, ilhali maudhi hutangulia: kichefuchefu, kuharisha, wasiwasi kuongezeka. Wengi huachia hapo. Ameze asubuhi baada ya kula, na akishapona aendelee angalau miezi 6.

Kuna jambo ningetaka lijibiwe kabla hajaanza tena. Je, yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa halali wala hachoki, maneno mengi, hela anatumia ovyo? Kama ndiyo, mwelezeni daktari kwanza, maana dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha akachanganyikiwa. Apimwe pia wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo.

Mama yako usibishane naye, mpe kazi. Amchukue mtoto usiku ili mkeo apate saa 4 au 5 za usingizi mfululizo. Usingizi huo nao ni tiba.

Ila akianza kusikia sauti, kusema mtoto amebadilishwa, au kutaja kufa au kumdhuru mtoto, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, asiachwe peke yake na mtoto, na dawa zote zilizomo ndani mziweke mbali naye.