Maswali ya wasomaji: Kundi la wateja lililonyamaza

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wafanyabiashara wa Nairobi waliokusanya wateja wao pamoja, wakitumaini watu hao wataisemea bidhaa kwa wengine, kisha wakakuta kimya. Tumejibu tano.

Natengeneza mafuta ya nywele, Umoja. Kundi langu la WhatsApp lina watu 380, wote wateja. Kila asubuhi naweka picha na bei. Hakuna anayejibu, na kila wiki wawili watatu wanatoka. Niwaondoe walionyamaza?

Dada, usimwondoe mtu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya mitandao, alieleza mgawanyo ambao mpaka leo unasaidia kukadiria: katika watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye hubeba mazungumzo. Kwako wewe hao ni 4 wa kubeba, 34 wa kuchangia na 342 wa kusoma. Wanaosoma nao hununua. Waache wasome.

Unaowakosa ni wale 4, na umewakosa kwa sababu kila asubuhi unaweka kitu kisichojibika. Bei mtu huilipa au huipita. Akifungua kundi mara 10 na mara zote 10 akute bei, ya 11 hafungui.

Anza na simu. Chagua watu 15: walionunua mara 3 au zaidi, waliowahi kukuuliza swali gumu, na wasusi wawili, maana msusi huona vichwa vingi kwa wiki kuliko unavyoviona wewe kwa mwezi. Mpigie kila mmoja dakika 10, usimtumie ujumbe. Muulize nywele zake zimemsumbua wapi, na ni kitu gani amejifunza ambacho angemwambia mdogo wake. Andika kila jibu daftarini. Ukimaliza utakuwa na mada za miezi miwili, na utajua nani anapenda kueleza. Waombe wanne kati yao wakushikie kazi: mmoja akaribishe wageni, msusi ajibu maswali Alhamisi jioni, mmoja akusanye picha, mmoja akukumbushe ahadi zako mwenyewe. Kazi iwe ya miezi 3, kisha ashike mwingine. Aliyewahi kuwa kwenye chama anajua: mweka hazina asiyebadilishwa huchoka, na manung'uniko huanzia hapo.

Sasa swali lenyewe. Usiulize “Mnaonaje mafuta yetu?” Hapo unaomba sifa, na asiye na sifa za kutoa atakaa kimya kwa adabu. Uliza: “Nywele zako hukatikia wapi: ukingoni mwa paji la uso, kisogoni, au nchani?” Mtu hujibu kwa neno moja akiwa ndani ya matatu. Wa ukingoni wataanza kulinganisha misuko, kwa kuwa msuko unaobana kwa muda mrefu huvuta mizizi mpaka ikaharibika. Wa nchani wataambiwa na wenzao kwamba mafuta hayaongezi maji kwenye nywele, huyafungia tu yaliyomo, ndiyo maana hupakwa nywele zikiwa bado na unyevu. Chupa yako itatajwa hapo bila wewe kuitaja.

Kwa wiki inatosha hivi: swali moja Jumatatu jioni, libandikwe juu kwa siku 7; msusi Alhamisi; bei na mzigo mpya Ijumaa, ujumbe mmoja tu. Mtu akiuliza jambo, subiri saa mbili kabla hujajibu ili mwanachama mwingine apate nafasi. Lakini akisema kichwa kinamwasha au ngozi imevimba, mjibu papo hapo. Mgeni naye akaribishwe siku hiyohiyo kwa jina na kuulizwa kitu chepesi. Anayeingia akakuta kimya hujifunza kunyamaza.

Nauza viatu Kamukunji. Naweza kuchukua nambari za walionilipa kwa simu nikawaingiza kwenye kundi?

Hapana, ndugu. Mtu alikupa nambari ili alipie viatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa yake kabla hujaitumia kumtangazia biashara, na faini ya Kamishna wa Data inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Isitoshe, kundi la kawaida la WhatsApp huonyesha nambari ya kila mtu kwa wote. Bandika karatasi kaunta yenye kiungo, na uandike mambo matatu: utatuma nini, mara ngapi kwa wiki, na kwamba kutoka ni ruhusa. Watu 40 walioingia kwa miguu yao watakufaa kuliko 400 waliovutwa.

Tunauza na kukarabati baiskeli za mtumba karibu na Barabara ya Ngong. Tulianzisha msafara wa Jumapili. Wa kwanza walikuja 40. Sasa wanakuja 6, walewale wenye mbio. Tumekosea wapi?

Wengine waliachwa nyuma. Mtu akiachwa peke yake kati ya malori, hata mara moja tu, harudi, na wala hatakuambia kwa nini. Jambo hili linauma kwa sababu waliopotea ndio wateja wapya, wenye baiskeli ya kwanza, ambao wangehitaji fundi wenu kwa miaka.

Gawanyeni misafara miwili: ya kilomita 15 na ya kilomita 40. Ile fupi iende mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na aliye mbele asipitwe na yeyote. Nyuma kabisa awe mchungaji, mwanachama anayejua njia, ambaye hamwachi mtu hata kama amesimama kufunga kamba ya kiatu. Abebe tyubu 2, viraka, vijiti vya kuvulia tairi, spana za pembe sita na pampu. Hiyo pampu iangaliwe mapema: baiskeli za mtumba huja na vali za aina tofauti, zikiwemo ile nene kama ya gari na ile nyembamba ya Presta, na pampu ya aina moja itawakwamisha.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari yakiwa machache. Kwa wanaoanza, njia za Msitu wa Karura ni salama kuliko lami. Semeni siku 3 kabla kwamba kuna kiingilio, mtu asije akaaibika getini. Dakika 10 za kwanza fundi akague breki za kila mmoja, bure. Msiuze kitu njiani. Aliyeambiwa na fundi kwamba pedi zake zimeisha atakuja dukani mwenyewe. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikishika, hamieni ndani mfundishane kubadilisha tyubu, ili Jumapili yenu isikatike.

Harley-Davidson walipoanzisha chama cha wenye pikipiki zao mwaka 1983, matawi yalidhaminiwa na wauzaji wa eneo. Nanyi fanyeni hivyo: duka litoe mahali, chai na vifaa, na njia wachague waendeshaji.

Nasaga unga wa uji wa mchanganyiko, Githurai. Mama mmoja ameandika mbele ya watu 200 kwamba uji una uchungu. Mume wangu asema nifute ujumbe.

Mama, usifute. Kuna walioshausoma, na pengine yupo aliyeupiga picha. Ukiufuta, watakaobaki watajua kwamba kwako lalamiko halisemwi, na siku unga ukiharibika kweli utakuwa wa mwisho kuambiwa.

Jibu ndani ya saa moja, palepale: “Pole sana mama. Tafadhali usiutumie tena. Nitumie picha ya tarehe iliyo kwenye pakiti. Kesho kabla ya saa sita mchana nitawaeleza wote nilichokuta.” Kisha uitimize hiyo saa sita hata kama hujapata jibu kamili.

Uchungu kwenye unga wa aina hii mara nyingi huletwa na karanga au soya ambayo mafuta yake yamechacha. Fungua pakiti nyingine ya tarehe ileile uonje. Kama karanga zilihifadhiwa na unyevu, fikiria pia sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoxin), ambayo haionekani wala haiondoki kwa kuchemsha uji, na unga huo hunywewa na watoto. Simamisha mauzo ya tarehe hiyo yote, waambie wenye pakiti wazirudishe, wabadilishie, kisha uwape kundi zima sababu. Cha kufuta ni matusi, nambari za watu wengine, na matangazo ya kamari na pesa za haraka.

Tunakaanga kahawa Kilimani. Mshirika wangu asema kundi letu la wateja halileti mauzo, na anataka tuwalipe wanachama kamisheni. Tupime vipi?

Msilinganishe wanachama na wasio wanachama. Wanaojiunga tayari wanawapenda, wangenunua zaidi hata bila kundi. Mlinganishe mtu na yeye mwenyewe: miezi 3 kabla ya kujiunga na miezi 3 baadaye. Muda wa kuhesabu mnunuzi aliyerudi upimeni kwa bidhaa yenyewe. Pakiti ya gramu 250, kwa gramu 15 kila kikombe, hutoa vikombe 16 hivi. Mnywaji wa kikombe kimoja kwa siku humaliza ndani ya wiki mbili na ushee, kwa hiyo siku 30 zinatosha. Andikeni pia ni watu wangapi tofauti waliozungumza mwezi huo. Mkihesabu ujumbe badala ya watu, msemaji mmoja atawadanganya.

Kamisheni tunaikataa. Mwanachama akishalipwa kwa kila mauzo, ushauri wake hugeuka udalali, na wenzake hulitambua hilo upesi. Mpeni sauti. LEGO, kampuni ya matofali ya kuchezea, hupokea mawazo ya seti mpya kutoka kwa mashabiki, na wazo likipata waungaji mkono 10,000 kampuni hulipitia. Sharti linajulikana tangu mwanzo. Nanyi chukueni wanachama 12, kila mmoja apate gramu 100 za mkaango mwepesi na 100 za mzito, jumla kilo 2.4, wajaribu kwa siku 10 kisha wapige kura. Pigieni kura vitu ambavyo kweli mko tayari kuviuza. Mkiwa mmeshaamua, msiulize, watagundua. Mkaango ulioshinda uwekwe dukani ndani ya mwezi mmoja, na pakiti iandikwe kwamba umechaguliwa na wanachama.