Usiigawe namba kabla hujaijua imeumbwaje

Msomaji wa kidato cha tatu ameniandikia kwamba amepewa 4,294,967,297 aseme kama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, naye amekesha akigawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13 mpaka daftari limejaa. Mdogo wangu, weka kalamu chini kwanza. Namba hiyo naijua vizuri.

Nami nilikutana nayo sekondari. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba inagawanyika kwa 641. Nikanyoosha mkono kuuliza hiyo 641 imetoka wapi. Darasa likaangua kicheko, naye akanijibu nikariri tu, mtihani hauulizi imetoka wapi. Jibu lile linaniuma hadi leo, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Nililitafuta mwenyewe mpaka nikalipata, na leo nafundisha hesabu.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi, Leonhard Euler, akaonyesha kuwa sivyo. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili; ukijaribu namba tasa zote hadi hapo, ambapo ni kama 65,536, zinakungoja 6,542. Utazeeka! Lakini kwa jinsi namba hii ilivyoundwa, kigawo chake tasa lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64, na Euler alikuja kulithibitisha hilo. Namba tasa za aina hiyo zinaanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, na kazi imekwisha: 641 × 6,700,417.

Kwa hiyo uliza kwanza namba imeundwaje, ndipo ugawe. Nitalirudia hilo kila siku. Nanyi walimu wenzangu, mtoto akiuliza "imetoka wapi", msimzime. Huyo ndiye anayefikiri.

Sasa jaribu 65,537, yaani 2 kwa kipeo cha 16 ukiongeza 1. Hapa kigawo tasa lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 32, na kipeuo cha pili ni kama 256. Chini ya hapo zipo mbili tu, 97 na 193. Ukigawa kwa 97 inabaki 62. Kwa 193 inabaki 110. Basi 65,537 ni tasa, umethibitisha kwa kugawa mara mbili.