Barua kwa mwanangu: magamba, kwato na meza ya Bwana

Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini Mungu ajishughulishe na magamba ya samaki, na kama mwenzako mnayepanga naye hapo Tabora ana haki ya kukataa sufuria uliyopikia kambale.

Huku mwaloni Kibirizi mama Msabato hupita beseni la kambale, samaki asiye na magamba, bila hata kuuliza bei, akainamia migebuka, akamgeuza mmoja na kumpapasa magamba kwa kidole. Walawi 11 inamuunga mkono: cha majini kiwe na mapezi na magamba, na mnyama awe na kwato zilizopasuka kati na acheue. Nguruwe ana kwato hizo lakini hacheui. Ngamia anacheua ila kwato zinamwangusha.

Wengi husema ilikuwa habari ya afya tu. Mimi sikubali. Sura hiyohiyo inatoa sababu yake: muwe watakatifu, kwa kuwa mimi ni mtakatifu. Na Walawi 20 inafungua zaidi: Mungu amewatenga Israeli na mataifa, kwa hiyo nao watenge mnyama safi na asiye safi. Yaani mama wa Kiisraeli, kabla hajainjika chungu, alikuwa ameshakumbuka yeye ni wa nani. Imani iliingia hadi jikoni, mwanangu, siku za kazi kama siku ya Sabato. Hilo linanigusa sana. (Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliona kucheua ni kulitafakari neno. Fundisho zuri, ingawa Walawi yenyewe haisemi hivyo.)

Sasa Petro, kule Yafa. Katika maono aliona shuka lenye wanyama wa kila namna, akasikia sauti: alivyovitakasa Mungu, usiviite najisi. Watu huishia hapo wakakimbilia kitimoto. Lakini soma Matendo 10:28, Petro akiwa kwa Kornelio, Mrumi. Hataji nyama hata kidogo. Anasema Mungu amemwonya asimwite mtu yeyote mchafu wala najisi. Sheria iliyowatenga Israeli na mataifa ilipofika mwisho wake, waliokuwa nje ndio walioingia.

Kwa hiyo kambale kula, sikukatazi. Ila usimcheke mwenzako. Anamheshimu Mungu kwa sahani yake, na Paulo katika Warumi 14 anakataza kumhuzunisha ndugu kwa ajili ya chakula. Nunua sufuria ya pili. Naye akikuita najisi, isomeni pamoja hiyo aya ya 28, kwa upole.

Nitawatumia dagaa kwa treni. Hao mnaweza kula wote wawili.

Mama yako