Jibu: Tanga, Mombasa, Kampala na Kigali na wageni wa Kijerumani

Salaam ndugu. Umekwama kwenye viza: wageni wanaanzia Nairobi, wanashuka Mombasa, wanakuja Tanga, kisha Mwanza, Kampala na Kigali, wote kwa viza ya pamoja ya dola 100. Haitafaa. Viza hiyo ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu, Tanzania haimo. Wakishavuka mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania imekufa, hata kama siku zake 90 hazijaisha.

Geuza njia. Waanzie kwetu Tanzania kwa viza ya Tanzania: Bagamoyo, Pangani, Tanga. Ndipo wavuke Horohoro kuingia Lunga Lunga, upande wa Kenya, na hapo viza ya pamoja ianze. Hakikisha mapema kama Kenya bado inaitoa, maana nchi iliyoitoa ndiyo ya kuingia kwanza. Baadaye Mombasa, Nairobi, Kisumu, Busia, Jinja, Kampala, Kigali. Ziwa Victoria watalionea Kisumu. Mwanza iache, au iwe mwisho kupitia Rusumo, mpaka wa Rwanda na Tanzania.

Kwanza kabisa kagua kadi za homa ya manjano: chanjo huhesabika baada ya siku 10.

Mombasa msibane muda. Likoni kuna foleni ya kivuko, na stesheni ya treni iko Miritini, mbali na mjini. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani.