Maswali yenu: Mbeya haijapungua watu, ni mkoa uligawanywa

Wiki hii karibu wote mlioandika ni wanafunzi, mko kwenye risechi za siasa na utawala, na maswali mengi yanafanana kwahiyo nachukua machache tu.

Kaka shikamoo. Nimelinganisha sensa ya 2012 na ya 2022 mtandaoni nikakuta Mbeya imepungua watu zaidi ya laki tatu na nusu. Niandike sababu gani? (Uyole)

Marahaba. Usiandike sababu yoyote maana hakuna kilichopungua. Hili swali linanirudia kila msimu wa risechi na linaniuma kweli. Juzi nipo stesheneri pale Mwanjelwa nasubiri kuprinti, mbele yangu kijana anabaindi kazi yake, kaiacha wazi mezani nikaona jedwali: Mbeya 2012 watu 2,707,410, Mbeya 2022 watu 2,343,754, afu chini yake aya nzima kwamba vijana wanakimbia kilimo wanaenda Dar. Aya nzima! Mkoa wa Songwe ulianzishwa 2016, Mbozi, Momba, Ileje, Tunduma, kote huko kukatoka Mbeya. Sasa ukiitoa Songwe na watu wake 998,862 kwenye ile namba ya 2012, Mbeya inabaki na 1,708,548, maana yake kwa miaka kumi imeongezeka watu zaidi ya laki sita, na Songwe yenyewe imefika 1,344,687. Namba zote zile kijana kazitoa kwenye ripoti halali kabisa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, shida hakuuliza mipaka ya mwaka ule ilikuwa ipi. Na nyie wa Iringa msijione mmepona, Njombe ilitoka kwenu 2012, ukichukua Iringa ya sensa ya 2002 ukailinganisha na ya leo unaingia shimo hilohilo.

Mwalimu kakataza Wikipedia. Nifanyeje? (Vwawa)

Isome, shuka mpaka chini kwenye marejeo, fungua nyaraka iliyotajwa pale, hiyo ndio unaiandika. Kama chini hakuna kitu, achana na hiyo sentensi.

Nimeuliza AI ikaniambia Rais wa Tanzania lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na ikataja Ibara ya 41. Naruhusiwa kuiweka hivyo? (Forest, Mbeya)

Hapana, na wewe ni wa ngapi sijui. Ungefungua hiyo Ibara ya 41 uliyotajiwa, ni dakika mbili, ungeona ibara ndogo ya 6 inasema anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye anatangazwa mshindi, basi. Sharti la nusu lilikuwepo zamani likaondolewa na mabadiliko ya 13 ya Katiba mwaka 2000. Zambia ndio wana nusu na moja, na Malawi tangu 2020, kwahiyo jibu lako linaweza kuwa la jirani. Ukishafika hapo soma na ibara ndogo ya 7, ile inayozuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais Tume ya Uchaguzi ikishatangaza, maana mtu anayeandika kuhusu uchaguzi wa nchi hii bila kuijua hiyo anaandika hewani.

Na angalieni mnadanlodi katiba gani jamani. Kuna Rasimu ya Tume ya Warioba, ile iliyokusanya maoni ya katiba mpya, kuna Katiba Inayopendekezwa ya 2014, zote zipo mtandaoni zina nembo ya taifa na zinapendeza, ila hakuna hata moja iliyopigiwa kura ya maoni. Inayotumika ni ya 1977 pamoja na mabadiliko yake. Nimeshaona risechi ya mtu anayemaliza digrii imenukuu Katiba Inayopendekezwa kama sheria, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya 2024 iko wapi? (Makambako)

Ipi? Ukaguzi unafuata mwaka wa fedha unaoishia 30 Juni, ripoti inakabidhiwa kwa Rais Machi ya mwaka unaofuata, afu Aprili inaenda bungeni. Andika 2022/23 au 2023/24, hapo utaeleweka. Zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na kama unataka ya Serikali za Mitaa, hicho ni kitabu chake peke yake, usipoteze bando kwenye ile ya Serikali Kuu. Halafu hati inayoridhisha haimaanishi hakuna hela iliyoliwa. Inamaanisha hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Hoja zenyewe ziko ndani, someni hadi viambatisho.

Kamwene! Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji wa 2024 ulisimamiwa na Tume Huru ya Uchaguzi? (Mafinga)

Kamwene. Hapana, ule wa 27 Novemba 2024 ulikuwa wa TAMISEMI, ile ofisi ya Rais inayoshughulikia Serikali za Mitaa. Tume inasimamia wa Rais, wabunge na madiwani.

Niko Kasumulu, nataka kuandika siasa za Malawi lakini huku napata stori za vijiweni tu. (Kyela)

Una bahati sana wewe, ukivuka daraja la mto Songwe umeshafika. Anza na hukumu ya 3 Februari 2020 iliyofuta uchaguzi wa Rais wa 2019, iko bure MalawiLII, tovuti ya sheria na hukumu za Malawi, ni ndefu inapita kurasa 400, ila humo ndio utaona karatasi za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe na majaji wakieleza kwanini "wengi" maana yake ni nusu na moja. Uchaguzi ukarudiwa 23 Juni 2020 akashinda Chakwera. Kurasa kibao bado zinamtaja yeye ndio Rais wakati Mutharika kashinda Septemba 2025, kwahiyo tarehe ya ukurasa uiangalie kabla hujasoma kichwa cha habari.

Natafuta mapato na matumizi ya kijiji chetu, nimegugo wiki nzima sipati. (Kilolo)

Hutayapata huko. Nenda ofisi ya kijiji uangalie ubao wa matangazo, na omba muhtasari wa mkutano mkuu. Wakikuzungusha andika barua ya maombi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inawapa siku zisizozidi 30 kukujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo ubaki nayo.