Bango la A1 linatoka limefifia

SWALI: Nasoma usanifu majengo. Bango langu la maonyesho linang'aa kwenye kompyuta, lakini likichapwa bluu inapauka na picha ya jengo ina ukungu. Tatizo ni nini?

JIBU: Skrini hutumia mwanga, printa hutumia wino, na bluu kali ya skrini wino hauifikii. Panga faili kwa CMYK (mfumo wa rangi nne za wino wa printa) tangu mwanzo, kisha chapa kipande cha A4 kwanza.

Ukungu ni upungufu wa pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha. A1 ni milimita 594 kwa 841. Kwa nukta 150 kwa inchi, picha inayolijaza bango inataka pikseli 3508 kwa 4967. Picha ya skrini ya 1920 kwa 1080 haitoshi kabisa: renda upya, yaani itoe tena picha kwenye programu ya usanifu kwa ukubwa huo. Ramani za jengo zitoe kama PDF ya vekta (mistari ya hesabu, si pikseli), mistari ibaki mikali. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa.